Kabla ya kuitafuta x, rudi kwa nusu na theluthi

Watu wazima wanaorudi chuo huku kwetu wanaogopa vitu viwili, ada na hesabu, na ada angalau unaweza kukopa SACCO. Mimi niko Busia, upande wa Uganda, ni keshia kwa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, nimeshika pesa za watu miaka mingi tu, na nilipoamua kurudi kusoma uhasibu kwa darasa la wikendi kila mtu aliniambia lile lile, aah wewe hesabu haikusumbui, si unahesabu kila siku? Hayo maneno ndiyo yamenifanya niandike. Yana ukweli lakini ni ukweli wa nusu safari, na ile nusu iliyobaki ndiyo inawamaliza watu.

Kwa wasiojua, hapa Uganda mtu anaweza kuingia chuo kikuu hata kama A-level ilimpita. Kuna mature age, Makerere kwa mfano wanataka uwe na miaka 25 kwenda juu na ufanye mtihani wao, na kuna ile satifiketi ya mwaka mmoja ya kumtayarisha mtu kwa digrii. Kwa hiyo darasa letu ni mchanganyiko: afande wa polisi, nesi, kijana wa kliaringi (wale wa kutoa mizigo forodhani), mama mwenye duka la dawa, mimi. Wengi wetu aljebra, ile hesabu ya kutafuta namba usiyoijua unayoiita x, tuliiona mara ya mwisho S.4 (sekondari mwaka wa nne) tukijiandaa kwa UNEB, mtihani wa taifa, na tangu siku ile hakuna aliyetuuliza x iko wapi.

Sasa nianze na hiyo nusu ya ukweli. Kichwa cha mtu wa biashara kinajua kwenda mbele, na kinakwenda mbio. Mifuko 40 ya simenti mara bei, toa diskaunti, ongeza usafiri, jibu hili hapa, mteja hajamaliza hata kufungua pochi. Pesa ya Kenya kwenda ya Uganda, hivyo hivyo, watoto wa hapa mpakani wanafanya hiyo kabla hawajajua kuandika majina yao vizuri. Lakini aljebra inakwenda kinyume. Unapewa jibu, unaulizwa lilitoka wapi.

Chukua VAT, ile kodi inayoongezwa juu ya bei, ambayo Uganda ni asilimia 18. Mteja amelipa 590,000 na VAT iko humo ndani tayari, bei yenyewe kabla ya VAT ni ngapi? Nimewauliza watu wa dukani, nimewauliza watu wa kliaringi, nimewauliza darasani, na jibu linalokuja haraka ni kupiga 590,000 mara asilimia 18, unapata 106,200, unatoa, inabaki 483,800. Inaonekana safi kabisa. Hebu basi irudishe, chukua hiyo 483,800 uiongezee asilimia 18 uone. Inafika 570,884, elfu kumi na tisa na kitu haijulikani imekwenda wapi, na kama wewe ndiye keshia unajua jioni nani ataulizwa. Ile asilimia 18 ilipigwa kwa bei ya mwanzo, ambayo huna, na wewe umeipiga kwa bei ya mwisho kwa sababu ndiyo uliyo nayo mkononi. Ukiiita bei ya mwanzo x, basi x na 0.18x pamoja ni 590,000, yaani 1.18x = 590,000, gawa, ni 500,000 kamili na VAT ni 90,000. Wazoefu watakwambia ukitaka VAT zidisha 590,000 na 18 ugawe kwa 118 basi, na wako sawa kabisa, ila muulize mzoefu hiyo 118 imetoka wapi uone atakavyokuna kichwa.

Kuna njia nyingine ya kulipata hilo jibu bila x na ni ya zamani kuliko x yenyewe. Unabahatisha. Sema bei ilikuwa 100,000, ukiongeza VAT inakuwa 118,000, lakini mteja alilipa 590,000, hiyo ni mara tano ya 118,000, basi bei nayo ni mara tano ya 100,000. Kwisha. Wamisri walikuwa wanafanya hivi hivi, kuna papiro iliyoandikwa zaidi ya miaka 3,500 iliyopita na karani anaitwa Ahmes, iko London sasa, kwenye jumba la makumbusho la Uingereza. Swali mojawapo ni hili: kitu fulani, ukijumlisha na sehemu yake moja ya saba, unapata 19. Ahmes anabahatisha 7, kwa sababu 7 inagawika kwa saba vizuri, 7 na 1 ni 8, anatafuta 8 inaingia mara ngapi kwa 19, anazidisha hiyo na 7, anapata kumi na sita na tano juu ya nane. Ni akili ya sokoni kabisa, na mtu wa duka anaishika mara moja.

Lakini angalia jibu lenyewe. Kumi na sita na tano juu ya nane. Mwalimu alipoliandika ubaoni darasa lote likanyamaza, na hapo ndipo nilielewa ugonjwa wetu uko wapi, maana x ilikuwa haijafika hata ubaoni, tulikuwa tumekwama kwenye hesabu za sehemu, nusu, theluthi na wenzake, kile kitu cha P.5 na P.6, shule ya msingi.

Hili nalisema kwa nguvu kwa yeyote anayetaka kurudi: usianze na kitabu cha aljebra. Anza na sehemu na namba hasi, wiki hata kadhaa, usione haya. Mimi niliazima kitabu cha P.6 cha mwanangu nikakivalisha gazeti ili watu wa kwenye taksi wasinisumbue na maswali. Jipime na hii ndogo, nusu jumlisha theluthi. Ukisikia kichwa kinakunong'oneza mbili juu ya tano, yaani umejumlisha juu na juu, chini na chini, basi usiende popote kwanza, kaa hapo. Mbili juu ya tano ni ndogo kuliko nusu, sasa inawezekanaje umeanza na nusu, ukaongeza kitu, ukabaki na pungufu ya ulichoanza nacho? Jibu ni tano juu ya sita, kwa sababu unazigeuza zote kuwa za sita kwanza, tatu za sita na mbili za sita. Mtu akishalielewa hilo kweli kweli, siyo kukariri, basi siku akikutana na x/2 + x/3 = 10 hashtuki, anazidisha kila kitu mara 6, inakuwa 3x + 2x = 60, x ni 12, anaendelea na maisha. Asipolielewa atalaumu x maskini wakati x haijamkosea kitu.

Kalkuleta haisaidii hapa, nasema hivyo na mimi ni mtu wa kalkuleta kazini. Ina kitufe cha sehemu kizuri tu lakini haiwezi kukupigia x/2, ile ya kawaida tunayobeba sisi.

Kitu cha pili kinachotuponza ni ule wimbo wa "ikivuka inabadilisha alama". Mmefundishwa nyote, najua. Kilichoko kushoto na jumlisha kikienda kulia kinakuwa kutoa. Kwa x + 5 = 12 inafanya kazi vizuri, lakini mpe mtu 3x = 12 na huo wimbo wake, atakuletea x = 12 − 3, au mbaya zaidi atagawa kwa −3 kwa sababu eti imevuka lazima alama ibadilike. Hakuna kinachovuka. Ile alama ya sawasawa, vile vistari viwili, alivianzisha Robert Recorde wa Wales mwaka 1557, akasema hakuna vitu viwili vinavyolingana kuliko mistari miwili sambamba iliyo na urefu mmoja, na kazi yake ni kukwambia kushoto na kulia ni kitu kimoja. Ukitoa 5 huku, toa 5 kule. Ukigawa kwa 3 huku, gawa kwa 3 kule. Binti yangu yuko kwa mtaala mpya wa sekondari, ule ulioanza 2020, na nikifanya zoezi jikoni anaangalia juu ya bega langu, "Mama, hapo umefanya nini pande zote mbili?" Sisi hatukuulizwa hivyo. Sisi tuliulizwa jibu ni ngapi, ukikosa ni kiboko.

Walimu wanapenda kutumia mizani ya mawe kueleza hili, kushoto kilo, kulia kilo, zilingane. Ni mfano mzuri mpaka namba hasi itokee, maana hakuna mtu amewahi kupima kilo hasi tatu za kitu. Tumia mizani siku ya kwanza halafu iache.

Sasa nifike kwenye ile nusu ya pili, mahali ambapo soko linakuacha barabarani. Kazini tajiri anaweza kukubaliana na storekipa mpya kwamba anataka apokee pesa kamili mkononi, tuseme 748,000 kwa mwezi, makato yote yawe yameshaondoka. Wewe mtu wa mahesabu tafuta mshahara wa kuandika kwenye barua ni ngapi. NSSF, ile akiba ya uzeeni, inakata asilimia 5 ya mshahara wa mfanyakazi. PAYE, kodi ya mshahara, kwa viwango vilivyowekwa 2012 iko hivi: 235,000 za kwanza haziguswi, kutoka hapo mpaka 335,000 ni asilimia 10, mpaka 410,000 ni asilimia 20, na kinachozidi 410,000 kinakatwa asilimia 30. Zile ngazi mbili za chini zikijaa zinatoa 25,000. (Wanaopata zaidi ya milioni 10 wana nyongeza yao, hao tuwaache, hawana shida ya kusoma hapa.)

Jaribu kubahatisha kama Ahmes. Sema mshahara ni 500,000. NSSF 25,000, PAYE ni 25,000 na asilimia 30 ya 90,000 ambayo ni 27,000, jumla 52,000, mkononi inabaki 423,000. Tunataka 748,000, hiyo ni kama mara 1.768 hivi ya 423,000, basi mshahara ni 500,000 mara hiyo, inakuja kama 884,000. Ukiipima, haifiki. Mtu wa 884,000 anapokea mkononi 672,600 tu. Ule ujanja uliofanya kazi kwa VAT, ukafanya kazi Misri miaka yote hiyo, hapa umekufa, na sababu ni kwamba VAT inapiga bei yote kwa kipimo kimoja, ukizidisha bei mara mbili na VAT inakuwa mara mbili, lakini PAYE ina ngazi, ina pesa ambayo haikuguswa pale chini, kwa hiyo mshahara ukiwa mara mbili mkononi haiwi mara mbili. Unaweza kuendelea kubahatisha mpaka usiku, utafika, lakini mtihani ni wa masaa matatu tu na tajiri naye anataka jibu leo.

Kwa x unaandika hadithi nzima jinsi ilivyo:

x − 0.05x − [25,000 + 0.3(x − 410,000)] = 748,000

Na hapa ndipo afande aliinua mkono. Tulipofungua mabano tukapata x − 0.05x − 25,000 − 0.3x + 123,000, akasema, "Mwalimu, samahani, hiyo 123,000 imetoka wapi, na kwa nini ni jumlisha, si tunakata mtu kodi hapa?" Mwalimu akajibu hasi mara hasi ni chanya, afande. Afande akasema ndio mwalimu, akakaa, ila ukimwangalia usoni unaona hajashiba. Na mimi nilikuwa sijashiba, hiyo sentensi nimeisikia tangu S.1 na haijawahi kunieleza kitu.

Wakati wa chai tukaichokonoa na yeye na nesi kwenye karatasi ya chapati. Angalia. Ulipoandika −0.3x umemkata yule mtu asilimia 30 ya mshahara wake WOTE, kuanzia shilingi ya kwanza. Lakini zile 410,000 za chini hazikutakiwa kukatwa asilimia 30, zina viwango vyake na umeshazilipia ile 25,000. Umemkata zaidi. Inabidi umrudishie asilimia 30 ya 410,000, na hiyo ni 123,000. Kukata ambako hakukustahili kunafutwa, na kufuta makato ni kumwongezea mtu pesa. Afande akaguna, akasema sasa hiyo hata mahabusu ataelewa.

Ukimalizia ni 0.65x + 98,000 = 748,000, toa 98,000 pande zote, 0.65x = 650,000, gawa, milioni moja kamili. Ipime: NSSF 50,000, PAYE 25,000 na 177,000 ni 202,000, ukitoa zote mbili inabaki 748,000. Mimi hiyo siku nilitembea kwenda stendi najisikia mtu mkubwa sana.

Zile za x na y pamoja, simaltenia, sitakaa sana, ni rahisi kuliko zinavyotisha. Chapati mbili na mayai matatu 3,500, chapati moja na mayai mawili 2,000. Ya pili inakwambia chapati ni 2,000 toa mayai mawili, iweke kwa ya kwanza, yai linakuja 500 na chapati 1,000. Muuza rolex yeyote, ile chapati ya kukunjwa na mayai, anaifanya akigeuza chapati. Ila fanya nyingi, mkono uzoee.

Kwadratiki ndiyo inawatoa watu jasho, ile yenye x kipeo cha pili. Hapo nilisaidiwa na mtu aliyekufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Al-Khwarizmi alikuwa Baghdad karne ya tisa na ndiye aliyeandika kitabu ambacho hii aljebra yote inafuata nyayo zake, na kilichonishangaza ni kwamba hakikuwa na x hata moja. Kila kitu kwa maneno. Na sehemu kubwa ya kitabu ni mirathi, wasia na urithi, yaani mambo ambayo familia za Kiislamu hapa Busia na kule Bombo bado zinakaa chini kuyapiga kila mzee akifariki. Mzee ameacha mke, kijana mmoja wa kiume na mabinti watatu, mali ni milioni 40. Mke na watoto wapo, basi thumuni, yaani moja juu ya nane, ni yake, milioni 5. Inabaki 35. Kijana anapata mafungu mawili kwa fungu moja la binti, ukiliita fungu la binti x ni 2x + 3x = 35, kila binti 7, kijana 14. Mashehe wetu wanaipiga kichwani bila kuiita aljebra, na sehemu hawaziogopi hata kidogo, thumuni, sudusi (moja juu ya sita), theluthi, zinawatoka tu. Sisi tuliokaa madrasa tukiangalia saa tulikuwa tumekalia dawa yetu wenyewe.

Swali lake maarufu ni x² + 10x = 39. Badala ya kukariri fomula chukua karatasi ya mraba mraba. Chora kiwanja cha mraba, kila upande x, hiyo ni x². Zile 10x zigawe mbili, 5x na 5x, chora kipande kirefu cha upana wa 5 ubavuni na kingine chini. Sasa una umbo karibu mraba mkubwa lakini kona moja haipo, na hiyo kona ni 5 kwa 5, yaani 25. Ijaze. Ulikuwa na 39, umeongeza 25, ni 64, mraba wa eneo la 64 upande wake ni 8, na huo upande ni x na 5, basi x ni 3. Fomula ndefu tuliyoimba S.3, ile ya kutoa b jumlisha au toa kipeuo, ni hii hii tu imevaa suti. Niliichora mara nyingi kwa daftari la dukani, nyuma ya ukurasa wa madeni, mpaka ikaacha kunitisha.

Ila kuna jibu la pili ambalo Al-Khwarizmi hakulihesabu, −13. Jaribu: −13 mara −13 ni 169, toa 130, ni 39 kweli. Yeye alikuwa anapima vitu vya kweli, ardhi na pesa, na kiwanja hakina upande wa mita kumi na tatu hasi. Kwenye mtihani sisi hatuna huo uhuru wake. Kama swali ni x tupu, andika zote mbili, 3 na −13. Kama ni kiwanja, bado andika zote mbili, halafu piga mstari kwenye −13 na uandike kwa maneno kwa nini umeikataa, maana mwalimu wetu anaweka alama pale kwenye sababu, na ukinyamaza tu ukaiacha anakata.